Nilimpa mwanangu nyota kila alipotumwa, jirani akaacha kumtuma (Kigali, 1991)

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioamka na mnaoelekea kulala.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu ndani. Nasoma, nacheka peke yangu, nafunga simu. Ila juzi kuna mama mmoja alileta uzi akiuliza kama ni sawa kuwawekea watoto chart ukutani, mtoto akifanya vizuri anabandikiwa nyota, nyota zikifika idadi fulani anapewa pocket money. Mlimjibu kwa kasi sana. Nusu mkasema safi, nusu mkasema huo ni uzungu.

Mimi nilishaifanya hiyo kitu, wakuu. Nilifaulu kweli kweli, halafu nikaharibu kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nitasimulia kama ilivyotokea. Mahali nilipofanya ujinga nitauacha ulivyo, sina umri wa kujipamba tena. Naandika kwa kidole kimoja na miwani ya kuazima, kwa hiyo makosa ya typing mtayaruka.

Nyumbani naitwa Sudi. Nimezaliwa Rwezamenyo, pale jirani na Nyamirambo, Kigali. Babu yangu alitoka Ujiji kufuata biashara ya chumvi, akaoa, akasahau kurudi. Kwa hiyo Kiswahili kwetu ni cha nyumbani, wala hatukufundishwa na mtu.

Najua mkisikia Kigali na miaka hiyo, akili zenu zinakimbilia mahali pamoja. Hata yangu hukimbilia huko. Vita ilikuwa imeshaanza kule kaskazini na redio zilikuwa hazizimwi. Lakini uzi huu sio wa hayo na sitayaandika hapa. Hata miaka hiyo watoto walikuwa wanaamka asubuhi na kutafuta kiatu cha pili. Niseme tu mapema ili msisome roho mkononi: wote nitakaowataja walipona.

Twende.

Mwaka 1991 nilikuwa dereva wa familia moja ya Wabelgiji huko Kiyovu, mtaa wa wakubwa. Mzee alikuwa injinia wa barabara. Mkewe tulimwita Madamu, mama mpole anayesahau funguo kila siku. Walikuwa na watoto wawili.

Siku moja Madamu akaniambia niingie jikoni nichukue kreti la chupa. Nikaona kwenye mlango wa friji kuna karatasi kubwa ina mistari. Kushoto wamechora kitanda, mswaki, begi la shule, sahani. Mbele yake visanduku vya siku saba, na ndani yake nyota za kubandika, zinang'aa kama karatasi ya peremende.

Nikauliza. Madamu akanieleza kwa Kifaransa cha taratibu, maana changu kilikuwa cha kubahatisha. Mtoto akitandika kitanda, nyota. Akipiga mswaki bila kuambiwa, nyota. Jumamosi wanahesabu pamoja, anapewa sarafu zake.

Wakuu, wale watoto walikuwa wanatandika vitanda wenyewe! Nilipanda kuangalia kwa macho yangu, kwa kisingizio cha kubadilisha taa.

Sasa linganisha na kwangu.

Mke wangu Zaina alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi Butare. Tulikubaliana aende, na mimi nilisema kwa mdomo wangu kwamba watoto nitawaweza. Alikuwa anarudi kila Jumamosi ya tatu, anashukia stendi ya Nyabugogo na kikapu, Jumapili mchana anaondoka.

Watoto ni Shamimu, alikuwa na miaka minane, na mdogo wake Idi, mitano. Asubuhi yetu ilikuwa mapambano. Godoro halijakunjwa, mswaki umeonekana kwenye kopo la rangi, daftari la Shamimu liko chini ya kuku. Mimi nimeshika soksi moja napiga kelele. Ninao mdomo mkali tangu zamani, Zaina anajua.

Kilichotuokoa kilikuwa mtu mmoja tu, Bibi Mwamini.

Tulikuwa tunaishi nyumba nne zinazotazamana ua mmoja, sisi twaita kipangu. Bibi Mwamini alikuwa chumba cha mbele karibu na geti. Mjane, hakujaliwa mtoto, anakaanga sambusa za kuuza. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Lakini mimi mwenyewe alinituma tangu nina miaka mitano mpaka ndevu zikaota. Zaina alipoondoka, Bibi hakuitwa kikao. Mchana watoto walitoka shule wakala kwake, basi.

Na aliwatuma, hasa Shamimu.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana wa apartment. Kwetu mtoto anatumwa na mtu mzima yeyote, huendi kumuomba mzazi ruhusa. Unachungulia mlangoni, unamwona mtoto anaruka kamba, unaita: wewe, kimbia uniletee chumvi. Anakimbia. Akirudi unasema ahsante, au husemi. Mtoto akipita mbele ya nyumba ya watu na hakuna anayemuita, ujue yule ni mgeni au kuna jambo.

Bibi Mwamini alikuwa na sauti ya kumuita Shamimu ambayo ilisikika mpaka msikitini. "Shamimuuu!" Mtoto anaacha chochote, anakwenda.

Haya. Nikamuomba Madamu nyota. Akafurahi mpaka akanipa shiti tatu nzima.

Jioni hiyo nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikageuza upande mweupe, nikapiga mistari kwa rula. Nikachora kwa mkono wangu. Godoro. Mswaki. Soksi. Daftari. Madrasa. Idi akauliza kwa nini nimechora nyoka, nikamwambia huo ni mswaki.

Ikabaki nafasi chini. Nikakaa nikaitazama, nikawaza, mtoto mwema kwetu anajulikana kwa nini? Nikajibu mwenyewe: kwa kutumika. Nikaandika kwa herufi kubwa: KUTUMWA NA WAKUBWA.

Huo mstari haukuwepo kwa Madamu. Ni wangu mimi. Niliona nimeongeza akili juu ya akili ya wazungu.

Sheria ikawa nyota kumi, sarafu ya faranga tano kila Jumamosi.

Wiki mbili za kwanza nilijiona bingwa wa malezi Kigali nzima. Naamka, godoro limekunjwa. Mswaki umelowa. Soksi zimefuliwa zimeanikwa, Idi kafua hadi soksi zangu ambazo zilikuwa safi. Nilijisifu kazini, nikajisifu baada ya sala ya Ijumaa, kuna baba wawili walikuja nyumbani kuiona hiyo chart wakasimama mbele yake wameshika viuno.

Tatizo likaja kwenye ule mstari wa chini.

Shamimu ni mtoto wa maswali. "Baba, wewe unashinda kazini. Utajuaje kama nimetumwa?"

Swali zuri. Nikampa kadaftari kadogo. Nikamwambia, ukitumwa, aliyekutuma aweke alama.

Bibi Mwamini hajui kusoma wala kuandika. Siku ya kwanza Shamimu kamletea chumvi, kisha akamnyooshea kadaftari na kalamu. "Bibi, weka alama hapa." Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akachovya kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akagonga. Jioni alinionyesha kidole cheusi. "Sudi, umenifanya mutu wa bureau, wa ofisi!" Tukacheka wote.

Wiki ya tatu mtoto akaleta alama kumi na moja za siku moja.

Nikashangaa. Nikachunguza. Kumbe Bibi akimtuma vitunguu vinne, anakwenda dukani mara nne. Anarudi na kimoja kimoja. Na katikati anapita milango yote ya kipangu: "Hamna cha kunituma? Hamna cha kunituma?" Mama mmoja alimtuma akamwangalie kuku wake kama bado yupo, ili tu apumzike.

Badala ya kujiuliza, mimi nikaweka sheria nyingine. Mwisho alama tatu kwa siku. Ya nne haihesabiwi. Nikarudi kwenye kazi zangu.

Wakuu, hapo ndipo nilipokata mti niliokuwa nimeukalia.

Ilikuwa Jumatano. Bibi Mwamini alikuwa na malaria. Hakukaanga siku hiyo, alilala na kanga mbili juu. Mchana watoto walirudi, wakala viporo. Saa tisa hivi akamuita Shamimu, sauti yenyewe ya chini. "Shamimu. Mwana wanjye, mwanangu. Niletee maji ya kunywa."

Mtoto akaja mpaka mlangoni na kadaftari mkononi. Hili nalijua kutoka kwake mwenyewe, hakunificha hata neno.

Akasema, "Bibi, leo zangu tatu zimejaa. Idi yeye bado yuko na nafasi. Nikuitie Idi?"

Nawaapia, hakuwa na ubaya. Alidhani anamfanyia wema mdogo wake, amwachie nyota. Akatoka kumtafuta Idi, Idi alikuwa ameshapotea na tairi lake huko chini barabarani. Alipokuwa anarudi alimkuta Bibi amesimama, anashika ukuta, anateka maji mwenyewe kwenye mtungi, nusu yanamwagika.

Bibi alikunywa akarudi kulala.

Alipopona, akaacha kumtuma.

Naomba mnielewe, hakununa. Chakula cha mchana kiliendelea kuwepo. Akiwasalimia aliwasalimia vizuri. Ila akitaka chumvi alisimama getini akamuita Rehema, binti wa nyumba ya ng'ambo. Akitaka maji, Rehema. Sahani ya sambusa ya kupeleka kwa fundi cherehani, Rehema.

Mimi nilijua baada ya siku sita, tena kwa njia ya kijinga. Niliona mstari wa chini hauna nyota. Nikaanza na ule mdomo wangu: "Umekuwa mvivu siku hizi? Mbona hutumwi?"

Shamimu akaangalia chini. "Bibi haniiti."

"Haniiti ni nini? Umemfanyaje?"

Akanisimulia. Taratibu, na lile neno la Idi ana nafasi akalirudia bila kujua uzito wake. Aibu, wakuu. Mwanamke aliyenifuta kamasi alimuomba mwanangu maji ya kunywa akaambiwa nafasi zimejaa.

Nikachukua kilo ya sukari nikaenda.

Alikuwa anakunja sambusa, vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Nikaomba radhi. Nikasema mtoto hakuelewa.

"Sudi," akasema, "mimi siko na hasira. Hata kidogo."

"Basi kwa nini humtumi, Bibi?"

Akakunja nyingine mbili kwanza. "Mutoto iko na kazi ya baba yake. Kazi ya kulipwa. Mimi nitamutuma na nini? Mimi siko na nyota."

"Bibi, nyota natoa mimi."

"Yego, ndiyo, unatoa weye. Basi mutume weye." Kisha akaniangalia, macho yake yamelowa kidogo, au ni vitunguu, sijui mpaka leo. "Zamani nikimuita, roho yangu inasema, huyu ni wangu. Sasa nikimuita ninaona kadaftari. Ninaona haya kuita."

Sukari aliipokea. Akaniwekea sambusa sita kwenye karatasi nibebe, sikuondoka mikono mitupu. Nilirudi nikiwa na hali mbaya kuliko nilivyokwenda.

Nikafanya kosa la pili, la hasira. Nikachukua mkasi nikakata ule mstari wa chini ukutani, Shamimu anaangalia. Nikamshika mkono nikampeleka kwa Bibi akaombe msamaha. Akaomba, machozi yanamtoka. Bibi akamkumbatia, akamwambia ihangane, yaani pole, imekwisha, akampa andazi.

Na kesho yake akamuita Rehema.

Hapa nawaomba mpunguze kasi ya kusoma.

Mbele ya mlango wetu kulikuwa na kijiwe cha kukalia. Shamimu alianza kukaa hapo. Akitoka shule anavua viatu, anakula, anakaa kijiweni anatazama geti. Wenzake wanaruka kamba, yeye haendi. Mlango wa Bibi ukilia tu, anasimama. Bibi anapaza sauti, "Rehemaaa!" Shamimu anakaa tena.

Siku moja nilirudi mapema nikaliona hilo kwa macho yangu. Alisimama, akakaa. Alijipangusa magoti, kama vile alisimama kwa ajili ya vumbi tu.

Nililia wakuu. Niliingia ndani nikajifanya natafuta koti. Mwanangu mama yake yuko mbali, na mtu aliyekuwa anamjaza lile pengo nilikuwa nimemuondoa mimi mwenyewe kwa rula na kalamu.

Jumamosi Zaina akafika kutoka Butare. Hakunywa hata chai. Mama akiingia nyumbani anajua. Akatazama chart iliyokatwa ukutani, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

Nikamweleza. Nikategemea atakwenda kwa Bibi, wanawake wazungumze, yaishe. Hakwenda. Alikunja kanga yake, akaniambia:

"Baba Shamimu, umempeleka mtoto kuomba radhi. Aliyeandika ni nani?"

"Mimi."

"Basi nenda wewe."

"Nilishakwenda na sukari!"

"Sijasema uende na sukari. Nenda ukatumwe."

Nilidhani anatania. Mimi mtu mzima, dereva wa Kiyovu, shati limenyooshwa. Zaina hakuwa anatania. "Alikutuma ukiwa mdogo. Mwache akutume tena. Mtoto wako aone mtu anavyotumwa."

Jumatatu nikatoka kazini, nikasimama kwa Bibi. "Bibi, nitume."

"Sudi, uko na wazimu?"

"Hapana. Nitume."

Nadhani alielewa, maana hakuuliza tena. Akasukuma jerikani kwa mguu. "Leta maji."

Pale kwenye robine, bomba la maji la mtaa, kulikuwa na foleni ya wamama na watoto. Mwanaume mwenye viatu vya kung'aa na jerikani ya njano! "Baba Shamimu, Madamu amekufukuza?" "Baba Shamimu, mke karudi Butare kakuachia zamu?" Nikavumilia. Jumanne makaa. Jumatano akanituma kwa fundi cherehani na sahani, fundi akaipokea kwa mikono miwili kwa mshangao. Alhamisi nikamtafutia bizari, nikaleta isiyo yenyewe, akanirudisha.

Shamimu alikuwa anaangalia yote hayo kutoka kijiweni. Siku ya tatu akaanza kunifuata nyuma.

Jumamosi Bibi akanituma Nyabugogo kuchukua mfuko wa unga wa ngano kwa bei ya jumla. Nikaenda na Shamimu. Pale wabeba mizigo walinizunguka, nikawakatalia, nikautia mfuko begani mwenyewe. Unga ukanimwagikia shingoni. Shamimu ameshika mkia wa shati langu asipotee katika ule msongamano.

Tulipofika mahali penye nafasi akauliza, "Baba, Bibi atakupa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa kukutuma wiki nzima."

"Hanipi kitu."

Tukatembea. "Na hukasiriki?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo jambo mpaka aliponiuliza. Nikaweka mfuko chini, nikamwambia ukweli uliokuja wenyewe. "Mama yangu alishafariki, baba pia. Kazini naitwa dereva. Kipangu kizima wananiita Baba Shamimu. Bibi peke yake ndiye anaita 'Sudi, leta maji.' Nikisikia hivyo najua bado nina mtu."

Alinisaidia kupangusa unga shingoni.

Wiki ya pili nikaendelea. Hakuna aliyeniambia niache, na mimi, niwe mkweli, nilikuwa nimeshaanza kupenda.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Madamu alikuwa safarini, nikarudi saa kumi. Nimekaa kijiweni nafungua kamba za viatu, Shamimu kando yangu anasoma. Bibi yuko ndani anakaanga, nasikia mafuta. Mbingu juu ya Mlima Kigali zilikuwa zimekuwa nyeusi, tone la kwanza likanigonga mkononi, kubwa.

Kamba ya nguo ya Bibi ilikuwa imejaa. Mashuka, kanga, joho la marehemu mumewe alilokuwa analifua kila mwezi. Kamba ilipita hatua mbili kutoka nilipokaa.

Mlango ukafunguka. Bibi akatoa kichwa, mwiko mkononi, hawezi kuacha mafuta. Akaona mvua. Akaona nguo. Akaniona na mimi, nimeshaanza kuinuka.

Akanipita kwa macho.

"Shamimuuu! Nguo! Kimbia!"

Ile sauti yenyewe, ya mpaka msikitini.

Kitabu chake kilianguka upande mmoja na kiatu changu upande mwingine. Mtoto aliruka juu ya miguu yangu. Alivuta kila kitu kwa pamoja, mashuka yamemfunika kichwa, pini za nguo zinaruka, mvua imeshashuka yote kwa mpigo. Akaingia kwa Bibi kama kifurushi chenye miguu.

Nikasikia Bibi anafoka. "Polepole, sha! Ona! Shuka umeburuza kwa matope! Nani alikufundisha kutoa nguo hivi? Na joho liko wapi? Umeacha joho! Rudi!"

"Naam Bibi!"

Akatoka tena mvuani peku, akalichukua joho, akalikumbatia kifuani lisilowe. Alipopita mbele yangu nikaona uso wake. Alikuwa amefokewa mbele ya kipangu kizima, na meno yote yako nje kwa furaha.

Sikuinuka kusaidia. Nilibaki pale kijiweni nikilowa na kiatu kimoja mguuni, nikimshukuru Mungu.

Jioni Shamimu hakunionyesha kadaftari wala hakukataja. Mikono ilikuwa inanuka sambusa.

Basi wakuu, hiyo ndiyo experience yangu. Msinielewe vibaya, chart ya Madamu haikuwa na kosa. Ile ya mswaki na godoro tuliendelea nayo mpaka nyota zikaisha, na Idi mpaka leo ana meno yake yote. Mtoto kupewa kitu kidogo kwa kujitunza, mimi sioni shida. Kosa lilikuwa langu, kutia bei kwenye jambo ambalo halikuwa la kwangu kuuza. Mtoto anapotumwa na mtu anayempenda, tayari ameshapewa. Mimi nikaja na nyota juu yake, mtoto akaanza kuangalia nyota.

Na kama umeshaharibu, usimsukume mtoto mbele akuombee radhi. Nenda mwenyewe, tena na jerikani.

Yule mama aliyeuliza juzi, nimekuandikia wewe hasa. Weka chart yako dada, ila kabla hujapiga mstari wa mwisho, kaa kwanza.

Nawasubiri kwenye comments, hata wa kunipinga. Ila kila atakayekuja anijibu na hili: hapo unapoishi, ukiacha ndugu zako, yuko mtu mzima hata mmoja anayeweza kusimama mlangoni kwake sasa hivi, akamuita mwanao kwa jina, na mwanao akakimbia?